Kitu cha Kumi na Mbili Katika Soksi ya Refa

Mambo haya yote yamenigharimu Jumamosi za miaka tisa. Nimezihesabu mara mbili, kama ilivyo ada yangu, nikatoa za mvua na zile ambazo uwanja ulikuwa umechukuliwa na wahubiri, na bado zilizobaki ni nyingi kuliko mtu wa umri wangu anavyoweza kurudishiwa. Niliyekuwa nikimdai amefariki. Habari zilinifikia Jumanne asubuhi kwa simu, na mkisoma hadi mwisho mtaona kwa nini nataja kwamba ni kwa simu. Aliyenipigia ni mwenzangu wa zamani, aliyekuwa akishika kibendera upande wa pili wa uwanja tulipokuwa tukichezesha mpira watatu. "Refa wetu amepuliza ya mwisho," akaniambia. "Presha. Amelala hajaamka." Kisha kila mmoja wetu akamngoja mwenzake aanze maneno mazuri. Mwishowe akauliza, "Utapanda milimani, Mghange, kuzika?" Nikamwambia nitafikiria. "Basi fikiria upesi," akasema, "maiti haingoji hesabu zako."

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba kabla sijaanza kulipwa kwa kuandika nilikuwa na meza karibu na stendi ya Voi, nikiuza saa za mkono, betri na baadaye makava ya simu. Hapo ndipo tulipojuana. Alinijia mchana wa jua kali, mtu mrefu mkavu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, akaokota saa mbili za aina moja na kuzipima uzito kana kwamba ananunua nyama. Akauliza bei ya zote mbili. "Mkono mmoja saa mbili za nini, mghosi?" nilimtania, kwa neno lao Wadawida wa milimani la kumheshimu mtu mzima, ingawa hakuwa amenizidi hata miaka mitano. "Moja inaenda, nyingine inasimama," akajibu. "Basi hiyo inayosimama nitakupunguzia." Hakucheka. Alinieleza, pale pale juani, kwamba refa huiacha saa moja iende kipindi kizima, na ile ya pili huisimamisha kila mchezaji anapolala chini kujifanya maiti, ili mwishoni ajue ni dakika ngapi za kuwalipa watu. "Na moja ikifa?" nikamuuliza. "Ndiyo maana ni mbili. Ama wewe ungependa niwaulize mashabiki dakika?" Tulivutana bei kwa nusu saa. Mimi, ambaye hakuna mtu Voi aliyewahi kuniteremsha chini ya nambari niliyoiweka kichwani, siku hiyo niliteremka, na kabla hajaondoka nilikuwa nimekubali kwenda kusomea urefa. Nilimuuzia saa mbili, naye akaniuzia kibendera. Hadi leo sijajua nani alipata faida.

Alikuwa na imani moja tu kuhusu kazi yetu: kwamba refa huonekana ni mtu wa namna gani kwa kile anachoingia nacho uwanjani. Alikuwa na vitu kumi na moja, kama timu. Filimbi mbili, moja yenye kokwa na moja isiyo na kokwa, kwa sababu vumbi la Voi huingia kwenye filimbi ikaanza kukohoa badala ya kulia. Saa mbili, mnazijua. Penseli mbili, wala si kalamu, kwa kuwa wino haushiki karatasi iliyolowa jasho. Kidaftari kimoja. Kadi mbili, ya njano mfuko wa shati na nyekundu mfuko wa nyuma wa kaptura, ili mkono usije ukamfukuza mtu kwa bahati mbaya. Sarafu moja ya kurushia. Kitambaa kimoja cha jasho. Kabla ya kila mechi tulitandika taulo jeupe nyuma ya goli, akapindua mifuko yake yote, na vitu vikapangwa juu yake. Hapo ndipo ilipokuwa desturi yake ambayo sijaiona kwa refa mwingine: mwenye vitu haruhusiwi kuhesabu. Anayehesabu ni mshika kibendera, kwa sauti, mara mbili, kisha anaandika kumi na moja kwenye kidaftari na kutia sahihi. "Anayebeba hahesabu, anayehesabu habebi," alikuwa akisema. Mimi ndiye niliyekuwa mhesabu wake. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata chenji ya mkate naihesabu dukani na kuirudia mlangoni, mnaweza kufikiri ile ilikuwa heshima ya namna gani. Nilikuwa nimepata mtu wa kwanza duniani ambaye tabia yangu hiyo haikumkera.

Nitawapa kisa kimoja ili mjue ukali wake, na mkikumbuke, kwa sababu kila kilichofuata kilitoka humo. Siku moja tulitumwa uwanja wa shule fulani upande wa Mwatate, kuangalia marefa wapya wakijaribiwa. Aliyekuwa na filimbi siku hiyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa makamo, mpole, anakimbia vizuri. Dakika ya ishirini hivi, mwalimu akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Refa wetu aliinuka kwenye benchi, akaingia uwanjani kwa miguu yake, mpira ukiendelea, na kusimama mbele yake. "Mwalimu, hiyo ni nini?" "Ni saa, mzee. Ya mkono betri imekufa tukiwa njiani, ningefanyaje?" "Ungekuja na mbili." "Lakini mzee, naangalia dakika tu." "Saa inayoweza kuongea na watu walio nje ya uwanja si saa. Toa filimbi." Mwalimu akaitoa mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Alisimamishwa msimu mzima, na baada ya msimu hakurudi. Mimi siku hiyo nilipiga makofi. Sitawaficha. Nilisema moyoni, huyu ndiye mtu.

Sasa njooni kwenye fainali. Timu ya Voi mjini ilikuwa inakutana na timu ya milimani, na mji wote ulikuwa umebanana kando ya uwanja, wengine juu ya malori. Taulo likatandikwa. Alikuwa mkimya kuliko kawaida, nikadhani ni fainali. Nikahesabu kumi na moja, nikahesabu tena kumi na moja, nikatia sahihi. Soksi sikuzihesabu. Nani huhesabu soksi? Kipindi cha pili, mpira ukiwa sare, aliwapa watu wa milimani penalti. Mimi niliiona, ilikuwa penalti halali, lakini halali ya refa wa Mghange kwa timu ya milimani mbele ya watu wa Voi, hiyo ni halali ya kwenda nayo mahakamani. Waliifunga. Makelele yalikuwa bado hayajatulia aliponiita kando ya mstari anielekeze jambo, akainama kufunga kamba ya kiatu, na mguu wake ukalia. Ndiyo, mguu. Mlio ule wa kabambe, simu ndogo ya kubonyeza, mkali kama wa panya aliyebanwa, ukitoka ndani ya soksi ya kushoto. Kwa sekunde mbili uwanja mzima ulisikiliza. Kisha mtu mmoja juu ya lori akapaza sauti: "Pokea, refa! Ni bibi yako, anauliza kama utarudi na mboga!" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akamjibu, "Bibi gani! Ni yule aliyelipia penalti, anataka risiti!" Hapo kicheko kikageuka. Aliibana ile simu juu ya soksi hadi ikanyamaza, akainua uso, akanitazama mimi. Sikuyaelewa macho yale. Nilidhani anaomba msamaha. Mechi ilimalizika kwa mawe machache na matusi mengi.

Siku ya pili yake tulisikia kwamba mama yake mzazi amefariki huko Mghange. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, nikiwemo mimi mhesabu. Kamati ya nidhamu ya chama chetu cha marefa iliahirisha kikao hadi mazishi yapite, na alipokuja alikuja na kitambaa cheusi begani. Mwenyekiti akamuuliza kwa sauti ya pole simu ile ilikuwa ya nani. Akajibu, bila kunitazama, "Ya mshika kibendera wangu. Mfuko wake ulikuwa umetoboka, akaniomba nimshikie." Nilicheka, Mungu anisamehe, nikidhani ni mzaha wa mtu mwenye huzuni. Kisha nikaona kwamba anayecheka ni mimi peke yangu.

"Si yangu, mwenyekiti," nikasema.

"Wewe unafanya biashara gani hapo stendi?"

"Nauza saa, betri na makava."

"Makava ya nini?"

"Ya simu."

Kamati yote ikaegemea nyuma. Mwenyekiti akafungua kile kidaftari. "Na hii kumi na moja, sahihi ni ya nani?" Yangu. "Kwa hiyo ama ulihesabu vibaya, ama ulihesabu vizuri ukaficha ya kwako. Tuambie, kaka, ni ipi?" Mimi ambaye maisha yangu yote nimekaa na bei mbili kichwani, ya kwanza na ya mwisho, siku hiyo sikuwa na hata moja. Nilimgeukia yeye nikamwambia, "Mghosi, sema." Aliangalia kitambaa chake cheusi. Nani angembana mtu aliyemzika mama yake juzi? Walinifungia bila kikomo. Nilirudisha kibendera kikiwa kimefuliwa na kukunjwa, na katibu wa kamati alikipokea kwa vidole viwili.

Miaka tisa hiyo tulikutana Voi mara nyingi, mji wenyewe mnaujua, huwezi kumkwepa mtu hata ukitaka. Alinisalimia daima kwa adabu, "Habari za biashara?" nami nikamjibu, "Inaenda, haisimami." Akawa mwalimu wa marefa, akaenda hadi Taveta kufundisha vitu kumi na moja. Mimi nilibaki na maelezo yangu: kwamba alinunuliwa na watu wa milimani, na simu ile ilikuwa ya malipo. Maelezo hayo yalinisaidia sana. Mtu akikusaliti kwa pesa unaweza kulala, kwa sababu pesa ni sababu inayoeleweka, hata mimi ninazo bei zangu. Niliyatunza kama mtu anavyotunza risiti ya kitu kilichoharibika, akingoja siku duka litakapofunguliwa.

Nilipanda Mghange. Nitasema ukweli: sikwenda kumlilia, nilikwenda kuhakikisha. Kulikuwa na ukungu na baridi ile ya kule inayoingia kwenye mifupa ya mtu wa Voi, kaburi limechimbwa juu ya shamba la kabichi, na waliosimama kusema walisema mambo yale yale: mtu wa mizani, mtu wa haki, hakupindisha hata mstari. Mwalimu yule wa Mwatate alikuwepo, nywele zimekuwa nyeupe, akaniambia polepole, "Alinifunza kuwa na betri ya akiba." Sikujua kama anasifu au analipiza. Baada ya kula kimanga na kunywa chai, mjane aliniita nyuma ya nyumba. Nilijiandaa kwa salamu za kawaida. Badala yake alinishika mikono yote miwili.

"Shemeji," akasema, "kuna neno nimekaa nalo miaka tisa. Asante."

"Asante ya nini, shemeji?"

"Ya simu. Ile siku mimi ndiye niliyempigia. Mama alikuwa amezidiwa tangu asubuhi, na baba watoto akaniachia neno: usinipigie ila mama akiniita. Mama akamwita jina. Mara mbili. Nikapiga. Hakushika, na kabla mpira wenu haujaisha mama akawa ameenda. Aliporudi hakulia kwa mama, alilia kwa ile simu. Halafu akatuambia kuwa wewe ndiye uliyemwambia, nenda kazike mama yako, kaka, hili la simu nitalibeba mimi. Watoto wangu wanakuombea mpaka leo, na wewe ni Mwislamu."

Msomaji, mimi nimeibiwa mara nyingi katika maisha yangu. Nimeibiwa saa, nimeibiwa mizani, mara moja niliibiwa meza. Lakini sikuwahi kushukuriwa kwa kitu nilichoibiwa. Yule mpiga kelele wa juu ya lori alikuwa amesema kweli tupu: aliyepiga alikuwa mkewe. Na mtu huyu, angefungua mdomo siku ile kwenye kamati akasema maneno matatu tu, mama alikuwa anakufa, mwenyekiti mwenyewe angelia naye, na wala nisingepoteza kibendera. Lakini angelazimika kuyasema maneno hayo katika wilaya ambayo mwalimu mmoja alivuliwa filimbi mbele ya wanafunzi wake, naye pia alikuwa na sababu nzuri. Hakuuza mechi. Laiti angeuza. Alikuwa na sheria nzuri na rafiki mmoja, vyote viwili haviingii katika soksi moja, akachagua. Kisha akaenda nyumbani akamsimulia mkewe kwamba mimi ndiye niliyechagua. Hata kinyongo changu cha miaka tisa, kitu pekee nilichotoka nacho kwenye kamati ile, nacho sasa kimegeuka kuwa si halali. Na mnajua nilimjibu nini mjane? Nilimwambia, "Ah, shemeji, lilikuwa jambo dogo."

Siku hizi tunawaona marefa kwenye televisheni, sikio lina waya, mdomo una kipaza sauti, na pembeni kuna kioo cha kutazamia kosa mara mbili. Watu wanabishana mezani kwangu kama vyombo hivyo vitakuja huku kwetu na nani atavilinda visiibiwe. Mimi sina ugomvi na vyombo. Nimejifunza kwamba hatari haimo katika kinachobebwa, imo katika kanuni ile nzuri, anayebeba hahesabu, anayehesabu habebi. Nenda stoo yoyote, ofisi yoyote, lango lolote lenye mlinzi na kitabu cha wageni. Siku kitu kinapozidi au kupungua, mkubwa aliyekibeba ana kitambaa cheusi begani, na mdogo aliyehesabu ana sahihi yake kwenye daftari. Nchi hii imejaa watu wanaobeba simu za wakubwa wao. Wengine walifungiwa kazi, wengine wako ndani, na wengine, kama mimi, wanaombewa. Basi somo nililolipata, kwa bei niliyoitaja mwanzo, ni hili: refa aingie uwanjani na vitu vyake kumi na moja, na kosa lake pia alibebe mwenyewe. Asimpe mwingine amshikie. Mkono wa mtu haurudi na kitu kama ulivyokipokea.

Somo ni rahisi, shida ni Jumamosi. Vijana aliowafundisha wameandaa mechi ya kumkumbuka, hapo hapo kwenye uwanja wa Voi, na mjane ameomba kabla ya mpira kuanza vitu vya marehemu vitandikwe juu ya taulo jeupe mbele ya watu, na nivihesabu mimi, kwa sauti, mara mbili, kama zamani. Amenipa mkoba wake wote nikae nao. Nimeufungua mezani kwangu. Filimbi, saa, penseli, kidaftari, kadi, sarafu, kitambaa. Chini kabisa kuna soksi moja iliyokunjwa, na ndani yake ile kabambe. Mjane aliiweka kwa upendo tu, akidhani kati yangu na marehemu ile ni alama ya urafiki. Mwenyekiti wa zamani wa kamati atakuwepo. Amenitumia salamu kwamba faili langu bado lipo kabatini, na nikiwa na la kusema niliseme, hajawahi kuridhika na lile la mfuko uliotoboka. Lakini mstari wa mbele watakuwa wamekaa mjane na watoto watatu wanaoniombea, na baba yao ana juma moja na nusu tu ardhini.

Kwa hiyo safari hii mimi ndiye ninayeuliza bei. Nikiishia kumi na moja, nitakuwa nimetia sahihi uwongo ule ule mara ya pili, na mara hii nikiwa najua. Nikitaja kumi na mbili, nitarudishiwa kibendera ambacho magoti yangu hayawezi tena kukikimbiza, na kutakuwa na nyumba moja Mghange ambayo sitaweza kunywa chai yake tena. Nimehesabu vitu hivi usiku na mchana, kila mara ni kumi na mbili. Nyinyi ambao mmenisoma miaka yote hii bila kunipa ushauri wowote, nipeni sasa, kabla ya Jumamosi saa tisa: nikisimama mbele ya lile taulo, nihesabu hadi ngapi?